Laini ya Marehemu

Isdori alizikwa Jumatano, na jioni yake sanduku la bati lilivutwa kutoka uvunguni likawekwa katikati ya sebule. Evodia, dada wa marehemu, alitia vitu ndani kimoja kimoja huku watu wanatazama: koti la kanisani, viatu, kofia, redio. Mwisho akatia simu. Maximilian, mdogo wake marehemu, akaitoa tena. Aliigeuza, akaifungua mgongo kama mtu anayetazama betri, akaifunga, akairudisha. Kisha akabana kufuli, sanduku likapelekwa kwake, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

"Vitu vya marehemu haviguswi mpaka msiba uishe," Evodia alisema. "Wala namba yake haipigwi. Anayempigia maiti simu anaomba kupokelewa."

"Ndiyo, wifi," Rosina, mjane wa marehemu, aliitikia. Alikuwa amekaa mkekani, kanga kichwani, sauti imemkauka kwa kilio.

Binti yake Winifrida alikuwa nyuma yake, amepakata mdogo wake wa mwisho. Simu ile ilikuwa na kazi moja ambayo siku hiyo hakuna aliyeikumbuka, hata yeye mwenyewe.

Aliikumbuka Jumatatu, chuoni. Kompyuta aliyoizoea, ile ya dirishani, ilikuwa imepelekwa kwa fundi, akakaa kwenye nyingine. Aliandika jina lake, akaandika neno lake la siri, na kompyuta, kwa kuwa haikumjua, ikamwambia kwa Kiingereza cha adabu kwamba imetuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti. Aziandike hapo, mlango ufunguke.

Simu hiyo ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kufuli.

Somo lenyewe Madamu Adela alikuwa amelianza kwa ng'ombe. Siku ya kwanza aliuliza, "Nani kwao wanalimia ng'ombe wa kukodi?" Nusu ya darasa wakanyoosha mikono. Winifrida naye alinyoosha, maana kila mwaka baba yake alikodi maksai wa Msukuma mmoja aitwaye Sayi. "Haya," Madamu akasema. "Ng'ombe si wako. Kumlisha, kumchanja, zizi lake, yote ni juu ya Sayi. Wewe unalipia ulicholima, ukimaliza unarudisha. Kompyuta ya wingu ndiyo hiyo. Mashine iko mbali, ni ya mtu mwingine, unaitumia kwa kadiri ya haja yako. Lakini ukiacha shamba lako wazi, mahindi yakaliwa, usimlilie Sayi. Mashine inalindwa na mwenye mashine. Ufunguo unalindwa na wewe."

Winifrida alielewa kuliko wengi. Kazi yake ya kumalizia mwaka ilikuwa ya samaki. Wanawake wanaopokea mitumbwi kule Kipili na Kabwe walituma meseji alfajiri, migebuka imeingia au haikuingia, na wanawake wa soko la Majengo waliiona kwenye simu kabla hawajatoa nauli ya gari kushuka ziwani. Mama yake, muuza samaki, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitumia. Wenzake wakafuata. Kitu kile kiliishi huko mbali kwenye mashine ya kukodi, usiku na mchana, na Winifrida ndiye aliyekifuga.

Tatizo ni namba. Siku ya kufungua akaunti kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo hakuwa na laini ya jina lake. Aliweka namba ya baba. Baadaye alipata laini yake, na Madamu aliwaambia wote wabadilishe. Winifrida hakubadilisha. Kila alipofungua akaunti, meseji ilimwendea Isdori, popote alipo, na Isdori alisimamisha jembe, akavaa miwani, akampigia. "Mwanafunzi, umenituma tena! Andika. Nne. Umeandika? Tisa. Usiende mbio, mimi nasoma taratibu." Alikuwa ameishia darasa la nne. Watu wa shamba la jirani walijua binti yake anasoma kompyuta kwa sababu ya zile namba alizozitangaza kwa sauti kama padri anayetangaza ndoa. Angemnyang'anyaje raha hiyo?

Jumanne alimwendea Madamu mezani pake, mbele ya darasa. "Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Pole na msiba. Kazi yako imefika wapi?"

"Imekamilika, Madamu. Ila siwezi kuifungua. Namba zinakwenda kwenye simu ya marehemu."

Madamu Adela aliacha kusahihisha karatasi. "Niliwaambia wiki ya pili kila mtu aweke namba yake."

"Ndiyo, Madamu."

"Wewe ukaacha ya baba."

"Ndiyo, Madamu."

"Ijumaa anakuja mtahini kutoka nje. Kila mtu atafungua akaunti yake mbele yake, atazima mashine, ataiwasha, ataeleza. Asiyefungua hana kazi. Mimi siwezi kumwambia mgeni, 'huyu niamini mimi.'"

"Niliwaandikia wenye mashine."

"Wakasemaje?"

"Nithibitishe kwamba namba ni yangu."

"Si umeona? Na wao wana haki."

Nyuma ya darasa Kelvin, ambaye hakuweza kupitisha saa bila kuchekesha watu, akadakia, "Wini, mshikaji wangu, si umpigie tu dingi huko aliko akusomee?"

Watu walicheka. Madamu Adela aliinama haraka kwenye karatasi zake, lakini mabega yalimtingishika.

*

Rosina alikuwa amerudi sokoni kabla siku zake za msiba hazijaisha, jambo lililosemwa, lakini samaki hawajui msiba. Winifrida alimkuta Majengo anapunga nzi kwa kipande cha boksi.

"Mama, nahitaji simu ya baba. Kwa dakika kumi tu."

Rosina hakugeuka. "Nani amekutuma?"

"Chuo. Ijumaa wasipoona kazi yangu narudia mwaka mzima. Na mwaka mzima nani atanilipia?"

"Subiri msiba uishe."

"Utaisha lini? Baba mdogo anasema ulezi wa pombe ya kumalizia msiba haujapatikana. Wiki iliyopita alisema hivyo hivyo."

"Mwanangu, sikiliza." Rosina alishusha sauti, maana jirani yake wa meza alikuwa ameacha kupanga dagaa ili asikie vizuri. "Nyumba tunayokaa ilijengwa na baba yako. Lakini shamba la bondeni ni la ukoo. Alionyeshwa kwa mdomo, na waliomwonyesha ndio hao hao. Mimi ni mtu wa kuja. Leo nikidai kitu sandukuni watasema mjane ameanza kugawana maiti hajapoa."

"Sidai. Nasoma namba, narudisha. Sanduku lifungwe tena mbele yao."

"Wewe unajua namba. Mimi nawajua wao."

Mteja alikuja, akabonyeza samaki macho, akaondoka bila kununua. Rosina alimtazama mpaka alipopotea. Tangu asubuhi alikuwa hajauza hata fungu moja. Kisha akatazama viatu vya binti yake, vile vya chuo, ambavyo Isdori alivipeleka mwenyewe kwa fundi vikashonwe.

"Jumatano wanakaa kwa Maximilian kupanga habari ya ulezi wa pombe," akasema. "Nenda ukapige magoti. Uongee kidogo. Watu wa kwenu hawapendi mtoto wa kike anayeeleza."

*

Walikuwa wameketi kwenye ua wa Maximilian, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Winifrida aliingia amejifunga kanga juu ya sketi ya chuo. Alipiga magoti, akagonga viganja polepole kama alivyofundishwa tangu mdogo, akaamkia kila mmoja kwa zamu yake. Waliitikia. Hakuna aliyemwambia ainuke.

"Sema, binti," alisema mzee Zephania, mkubwa wa ukoo.

Akasema. Alisema kidogo, kama alivyoagizwa.

"Marehemu wiki mbili hazijaisha," Evodia alisema, "binti yake anataka simu. Kesho atataka koti. Rosina, wifi yangu, hukumfundisha aibu, au aibu haifundishwi chuoni?"

"Amenieleza ni mtihani, wifi," Rosina alijibu kutoka mkekani.

"Mtihani! Sisi wote hapa tumekuzwa na mitihani?"

Wanawake waliguna kwa kicheko. Lakini mzee Zephania alikuwa na mjukuu aliyekuwa akisomea ualimu, na neno mtihani lilimgusa. "Sanduku si lipo chumbani humu?" akauliza. "Lilete, Max. Lifunguliwe mbele yetu. Mtoto asome anachosoma, lifungwe. Kuna ubaya gani?"

Maximilian alichelewa kidogo kusimama. "Mila ni mila, mzee."

"Mila tunazo sisi. Lete."

Sanduku likaletwa. Ufunguo ulitoka shingoni, kufuli likafunguliwa, na harufu ya Isdori ikatoka humo, tumbaku na sabuni ya kipande. Winifrida alipokea simu kwa mikono miwili. Akaiwasha. Chaji ilikuwepo. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba simu haina laini.

Alifungua mgongo. Mahali pa laini palikuwa wazi.

"Baba mdogo, laini haimo."

"Itakuwa imedondoka."

"Naomba nitafute humu ndani."

"Utapekua nguo za marehemu?" Evodia alifoka.

Winifrida hakupekua. Alibaki na magoti yake chini, na mbele ya macho yake aliona jioni ile ya Jumatano, dole gumba la baba mdogo likifungua mgongo wa simu. Akatoa simu yake mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka. Aliandika jina, akaandika neno la siri, akabonyeza palipoandikwa tuma namba.

Mfuko wa shati la Maximilian ukalia.

"Simu ya baba mdogo imelia," Winifrida alisema.

"Simu hulia. Ndiyo kazi yake."

"Naomba uisome, baba mdogo. Ni namba sita tu."

"Nikusomee meseji zangu? Wewe mke wangu?"

Watu walicheka sana, kicheko cha kutoa hofu. Winifrida alibonyeza mara ya pili. Mfuko ukalia mara ya pili. Kicheko kikakatika.

Palikuwa na kitambo kidogo hapo ambapo jambo lingeweza kwenda upande wowote. Mzee Zephania aliutazama mfuko. Wanawake wawili walitazamana. Maximilian aliweka kiganja juu ya kifua chake, na kiganja kile ndicho kilichomwokoa, kwa sababu Evodia alikiona na kukumbuka kingine.

"Jamani!" alipiga kelele. "Mtoto anabonyeza kule, kifua kinalia huku! Isdori alishika nini shambani kabla hajaanguka? Si kifua? Si hivyo hivyo?"

"Shangazi, si hivyo. Ni laini ya baba iliyo—"

"Inatoka wapi hiyo meseji?" mzee Zephania aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwenye mashine, babu."

"Iko wapi?"

"Mbali. Nje ya nchi."

"Umeiona?"

"Hapana. Hakuna anayeiona, babu, tunaitumia tu, tunakodi—"

"Mnakodi kwa nani?"

"Hatumjui kwa sura, lakini..."

Kila alichojibu kilikuwa kweli, na kila ukweli ulimzamisha. Watu walianza kusogeza viti nyuma. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akamfunika na kanga.

Maximilian hakukasirika. Alimgeukia Rosina kwa upole, kama shemeji anayeuliza habari za nyumbani. "Shemeji, kule bondeni mwaka huu mtapanda mahindi au maharage? Nauliza tu, maana mvua ndiyo hiyo inakuja, na wengine wamekuwa wakiniuliza kama pako wazi."

Rosina alisikia. Alisimama, akatembea mpaka kwa binti yake, akamnyang'anya ile simu ya kioo kilichopasuka. Kisha akampiga kofi la uso, kofi la mkono ulionyooka, likasikika mpaka barabarani.

"Omba radhi," akasema.

"Mama, ziko pale. Zina dakika kumi tu. Mwambie—"

Akampiga la pili. "Omba radhi kwa baba yako mdogo!"

Winifrida aligonga viganja. "Nisamehe, baba mdogo."

"Kwa sauti."

"Nisamehe, baba mdogo."

"Mtoto ni mtoto," Maximilian alisema. "Nimekusamehe." Na watu wakamsifu kwa moyo wake.

Zile namba zilikaa mfukoni mwake dakika zake kumi, zikafa.

Mama na mwana walishika njia, wakapita kinu cha kusaga.

"Laini niliiona," Rosina alisema. "Siku ile ile alipoitoa, niliiona mkononi mwake. Anaitaka kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Baba yako alikuwa ameandikishwa, na namba ya kuchukulia mifuko inakuja kwenye laini ile."

Winifrida alisimama. "Ulijua, na ukaniacha niende nikapige magoti?"

"Nilidhani atakuhurumia. Nilidhani atakuita pembeni akusomee."

"Ungesema pale, mama. Neno moja."

"Ningesema, halafu? Una wadogo wawili. Mwakani wale meseji?"

*

Ijumaa mtahini alikuja, mtu mnene mwenye koti, amechoka na barabara. Kelvin alifungua akaunti yake, akawasha mashine, akaizima, akasifiwa. Kazi yake ilikuwa kurasa mbili za picha za magari, lakini ilifunguka.

Zamu ya Winifrida ilipofika aliweka simu yake mezani na kuonyesha ile kazi kwa nje, kama anavyoiona mwanamke wa sokoni. Ilikuwa hai. Hata alipokuwa anaeleza, meseji iliingia kutoka Kipili: migebuka imeingia, njooni mapema. Mtahini aliinama akasoma, akatabasamu.

"Nzuri sana. Sasa nifungulie ndani. Nionyeshe mashine yako."

"Siwezi, bwana. Namba inakwenda kwa... ndugu."

"Ndugu gani?"

"Alikuwa baba."

Mtahini alimtazama Madamu Adela. Madamu aliinua mabega. "Msiba upo kweli," akasema. "Lakini somo la kwanza kabisa nililowapa ni ufunguo."

"Nitajuaje kwamba ni yako?" mtahini alimuuliza Winifrida. Aliuliza kwa huruma kabisa, na huruma ile ndiyo iliyochoma. "Kuitumia hata wale wa Kipili wanaitumia."

Mtahini aliandika sifuri, akapiga mstari chini yake, akaita jina lililofuata.

Wiki iliyofuata ile kazi ilizimika. Sokoni wanawake walikaa wanatazama simu ambazo hazikusema kitu. Watatu walishuka Kabwe kwa gari la kukodi, wakakuta ziwa halikutoa. Waliporudi walikuja moja kwa moja kwenye meza ya Rosina.

"Mwanao ametula nauli," mmoja wao alisema.

"Hakuzima yeye."

"Nani basi? Si mliringa ni yake?"

Rosina alizidi kupunga nzi. Naye pia sasa aliulizwa jambo asiloweza kuthibitisha.

*

Ulezi ulipatikana, pombe ikapikwa, msiba ukaisha. Sanduku lilifunguliwa. Maximilian alisimikwa mrithi, akavalishwa koti la kanisani, likambana mabegani. Mbele ya watu wote alimpa Winifrida simu ya baba yake. "Msomi wetu," akasema, "usiseme baba mdogo hakukumbuki." Watu walishangilia. Simu haikuwa na laini ndani. Winifrida aligonga viganja akashukuru.

Mvua za kwanza zilimkuta nyumbani, hana chuo. Asubuhi moja aliitwa kwa baba mdogo. Alimkuta barazani, kwenye kigoda, ameshika simu kwa mbali kama mtu anayeshika chura.

"Hebu njoo, msomi. Kimejaa hiki. Wakala anasema meseji ya mbolea imetumwa, haiingii. Kuna takataka za Kizungu humu. Futa zote."

Winifrida alipokea. Akafungua.

Zote zilikuwa zimefika. Ile ya Jumatatu ya kwanza, alipoketi kwenye kompyuta ngeni. Zile za Jumanne, alipojaribu na kujaribu. Zile mbili za uani. Ile ya alfajiri ya Ijumaa, aliyoiomba bila tumaini. Namba sita, namba sita, namba sita, zimepangana kwenye kioo, hata moja haijasomwa. Chini yake palikuwa na ujumbe mrefu uliosema kwamba kwa kuwa mwenye akaunti hakuthibitisha, mashine yake imesimamishwa na vilivyomo vimeondolewa. Walimtakia siku njema.

"Nini hizo?" Maximilian aliuliza.

"Namba tu, baba mdogo."

"Futa."

Alifuta moja moja. Ilipoondoka ya mwisho simu ililia mkononi mwake, meseji ikaingia, ya Kiswahili: Ndugu Isdori, mifuko yako ya mbolea iko tayari. Mpe wakala namba hii.

"Imeingia?" Maximilian aliinuka nusu, akapapasa kalamu. "Ngoja. Nitaandika mkononi. Haya, soma."

Kutoka pale barazani bonde lilionekana lote. Mama yake alikuwa chini kule, kwenye shamba la ukoo, amepinda mgongo, anatifua peke yake, maana mwaka huu hawakukodi ng'ombe wa Sayi. Winifrida alimtazama. Namba moja ikikosewa, wakala angekataa, mbolea isingetoka. Nani angejua? Angejua Maximilian, jioni ile ile.

"Soma bwana, nasubiri!"

"Saba," Winifrida alisema.

"Saba."

"Mbili. Umeandika?"

"Usiende mbio," baba mdogo alisema, ulimi nje, kalamu inachora kiganjani. "Soma taratibu."

Akamsomea taratibu, mpaka ya mwisho, kisha akarudia tangu mwanzo ili baba mdogo asikosee.